Treni ya Mama Johnson

Kwetu msimu wa kampeni ukifika, mke wa mgombea hupewa kiti cha mbele jukwaani, akatambulishwa, akapunga mkono, akakaa. Ndiyo maana, zaidi ya miaka 60 tangu Lady Bird Johnson, mke wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani, apande treni kumtafutia mumewe kura, nimeona safari ile isimuliwe upya.

Wake wa wagombea walikuwa wakipanda treni za kampeni kabla yake. Mwaka 1948 Rais Harry Truman alikuwa akimtoa mkewe Bess nyuma ya behewa na kumtambulisha kwa utani kuwa ndiye bosi wake. Watu wakicheka, treni inaondoka.

Treni ya 1964 haikuwa na utani. Julai 2 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na wazungu wengi wa Kusini wakamwona msaliti. Mkewe, mzaliwa wa Texas mwenye ndugu Alabama, akasema atakwenda huko yeye. Liz Carpenter, katibu wake wa habari, ambaye simulizi zake ndizo ninazoziegemea hapa, anasema mama huyo alikataa kupangiwa miji mepesi.

Oktoba 6 treni iliondoka Alexandria, Virginia: siku nne, majimbo 8, vituo 47, maili 1,628 hadi New Orleans. Baadhi ya wanasiasa wa chama chake mwenyewe wakazuka na udhuru wa kutoonekana naye.

Columbia, South Carolina, walimzomea. Akainua mkono mmoja uliovaa glavu nyeupe, akawaambia kwa utulivu kwamba kila mtu ana haki ya mtazamo wake, na sasa ilikuwa zamu yake kutoa wake. Charleston kulikuwa na bango lililochezea jina lake, likimwita ndege mweusi na kumtaka arudi kwao. Kwa hofu ya mabomu, kichwa kimoja cha treni kilitangulizwa dakika 15 mbele. Kila nikifika hapo najiuliza dereva wake aliambiwa nini.

New Orleans mumewe alimpokea stesheni, na usiku huo akahutubia juu ya haki za watu weusi, huko huko Kusini.

Novemba Johnson alishinda kwa kishindo. Katika majimbo 8 ya njia ile alipata 3: Virginia, North Carolina na Florida. South Carolina, pamoja na glavu ile, ilikwenda kwa mpinzani wake, Barry Goldwater.