Nundu ya Boeing 747

Bandugu, leo naacha kidogo mihogo na mbolea, naongelea ndeke.

Wengi tunaitambua Boeing 747 kwa ile nundu yake ya mbele. Miaka mingi mimi nilifikiri ni urembo tu, ama nafasi ya matajiri. Kumbe ilizaliwa na wasiwasi.

Turudi 1966. Abiria walikuwa wanaongezeka, na Juan Trippe, mkubwa wa kampuni ya Pan Am, alitaka ndege ya kubeba watu zaidi ya mara mbili kuliko 707. Mwezi wa nne akaagiza 25 kwa dola milioni 525, na ndege ingali kwenye karatasi! Yeye alitaka orofa mbili kamili. Joe Sutter, injinia mkuu wa mradi, na watu wake wakachagua orofa moja pana, yenye njia mbili kati ya viti.

Lakini siku zile wengi waliamini kwamba kesho ni ya ndege zinazopita mwendo wa sauti. Boeing yenyewe ilikuwa inachora moja. Sasa abiria wakihamia kule, hii kubwa itafanya kazi gani? Itabeba mizigo. Njo maana chumba cha rubani kilipandishwa juu, ili pua iweze kufunguka na kontena mbili ziingie bega kwa bega. Nundu ilitokea pale.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, na Januari 1970 ikaanza kuvusha abiria kutoka New York mpaka London. Mwanzo ulikuwa mgumu: injini zilisumbua, madeni yalikaba Boeing, maelfu ya wafanyakazi wakafukuzwa.

Na ile kesho iliyongojewa? Mwaka 1971 bunge la Marekani likakata pesa za ndege ile ya Boeing. Concorde ya Waingereza na Wafaransa ilitoka kweli, hata kwetu Gbadolite ilitua, Mobutu akiikodi. Lakini ilibeba watu mia moja hivi na kunywa mafuta mingi. Zilizofanya kazi ya abiria ni 14 tu, zikasimama 2003. 747 zilitengenezwa 1.574. Ile 747-400 ya 1989 ilifika karibu kilometa 13.000 bila kutua. Ya mwisho kabisa ilikabidhiwa Januari 2023, na ilikuwa ya mizigo.

Niliposoma ile nilicheka, kisha nikanyamaza. Kisha lisansi yangu, nilingojea miaka miwili boulot moja tu, ya ofisi. Shamba la mama lilikuwa linaota majani, na mimi agronome niko napeleka barua. Sutter na wenzake walikosea juu ya kesho, lakini walikuwa wameitayarishia ndege yao kazi ya pili. Mimi sikuwa nimetayarisha kitu.

Leo pale kuna mahindi na maharagi. Barua bado natuma, siwadanganye.

Na wewe, pua yako inafungukia wapi?