Ngazi za Mtambo: Jinsi Programu za Viwandani Zilivyotoka Mikononi mwa Wachache

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasiterite (madini yenye bati) ya Bisie, ndani ya msitu wa Walikale huko Kivu, ilichimbwa kwa nyundo na patasi. Wapagazi waliibeba mgongoni hadi barabarani, nazo ndege ndogo zikaipeleka Goma. Septemba 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo hapo kwa mitambo, na mwaka 2024 mgodi ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati.

Mitambo ya kusaga mwamba na kutenganisha bati huhitaji kusimamiwa kila sekunde. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na kidhibiti ambacho mafundi hukiita PLC. Ndani yake pia mna Kivu: bati huunganisha vipande vya saketi, na tantalamu, inayotokana na koltani kama ya Rubaya, Masisi, hutengenezewa kapasita.

Kidhibiti hicho kilizaliwa Marekani. Mwaka 1968 kitengo cha General Motors kilichotengeneza giaboksi kilichoshwa na makabati ya relei, ambayo yalilazimika kuungwa nyaya upya kila muundo wa gari ulipobadilika. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates walijibu kwa Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na kuwa mradi wao wa 84.

Ili mafundi umeme wasianze upya, programu ilichorwa kwa ngazi. Chukua mkanda wa kubebea mawe. Kushoto pana umeme, kulia mota. Katikati zimepangwa swichi ya kuwashia, kamba ya dharura na kihisio cha kujaa kwa mawe. Moja ikikatika, mkanda unasimama. Aliyezoea mchoro wa relei huisoma ngazi hiyo bila kufundishwa kompyuta.

Tatizo lilikuwa kifaa cha kuandikia programu. Kila mtengenezaji aliuza chake, na hakikufaa kwa kidhibiti cha mwingine. Kompyuta binafsi zilipoenea miaka ya 1980, kampuni nyingine zilipenya. ICOM ya Wisconsin iliandika programu za vidhibiti vya Allen-Bradley, na Taylor ya Kanada ikatoa ProWORX kwa vya Modicon. Fundi akaweza kuandika maelezo kando ya kila ngazi, kutafuta swichi kila ilipotumika, na kuchapa yote. Wateja walizipenda, na mwishowe watengenezaji wenyewe wakazimeza: ICOM iliingia Rockwell, mwenye Allen-Bradley, nayo ProWORX ikauzwa na Schneider, mwenye Modicon.

Mwaka 1993 kiwango cha kimataifa cha IEC kikaweka lugha tano za pamoja. Mwaka uliofuata ikatoka programu ya CODESYS, huko Kempten, Ujerumani, ambayo leo huendesha vidhibiti vya mamia ya watengenezaji. Baadaye Mbrazili Thiago Alves akatoa OpenPLC, ya bure, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Kwa Kivu, hilo si jambo dogo. Machi 2025, waasi wa M23 walipokaribia, Alphamin ilisimamisha uzalishaji na kuwaondoa wafanyakazi wengi; Aprili ikaanza kurejea. Mahali ambapo wageni huondoka ghafla, usalama wa mtambo hutegemea wenyeji wanaoweza kuzisoma ngazi zake. Sasa kijana wa Masisi au Walikale mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujifunza ufundi huo bila kununua leseni.