Meza Moja Mjini Cardiff

Fikiri, msomaji, habari za mwanamke apigwaye na mumewe. Daktari ameona alama za vidole shingoni mwake. Askari wameitwa nyumbani kwake mara mbili. Mwalimu amemwona mtoto wake akisinzia darasani. Karani wa nyumba amemtuma fundi atengeneze mlango uliovunjwa. Kila mmoja ana kipande cha habari, wala hapana aliye nayo nzima. Katika Uingereza wako wanawake waliouawa huku dalili za hatari yao zimo makabatini, kila kabati na ufunguo wake.

Sheria ya huko ilikawia sana kubisha mlangoni. Mwaka 1840 mahakama ya London iliamua kwamba mume ana haki ya kumfungia mkewe nyumbani, na mpaka 1891 ndipo majaji wa rufani walipoikataa haki hiyo. Mwaka 1971 Erin Pizzey alifungua nyumba ya kimbilio huko Chiswick, London. Kimbilio lilikuwa jema, lakini lilimngoja mwanamke aje kwa miguu yake. Na aliye hatarini kabisa aghalabu ndiye asiyeweza kutoka.

Mji wa Cardiff, katika Wales, ndio ulioanza kuvikusanya vipande. Mwezi wa Aprili 2003 polisi, waganga, watumishi wa ustawi wa watoto na wa nyumba, pamoja na watetezi wa wanawake, walianza kukutana kwenye meza moja, wakisomeana majina ya walio katika hatari kubwa. Kila mmoja alisema alijualo, na kila mmoja aliondoka na kazi ya kufanya: huyu kubadili kufuli, yule kumlinda mtoto. Leo mabaraza ya namna hiyo ni zaidi ya 200 nchini humo.

Huenda ukauliza, ni nani apelekwaye barazani? Karatasi itumiwayo na watumishi wengi ina maswali 24. Je, amekukaba koo? Ametishia kukuua? Una mimba? Umeachana naye karibuni? Majibu ya ndiyo yakifika 14, kwa kawaida jina hupelekwa. Lakini mwenye majibu matano tu aweza kupelekwa pia, ikiwa mtumishi aona mauti yako karibu. Nami naona hapo pana busara, kwani mwenye hofu kuu huenda akajibu machache kuliko wote.

Liko jambo zito zaidi. Mwanamke huombwa ridhaa yake kwanza. Akikataa, na hatari ni ya kifo, sheria yaruhusu habari zake zitolewe vivyo hivyo. Wako wanaoona kwamba hivyo ni kumnyang'anya neno lake mtu aliyekwisha kunyang'anywa mengi. Mwenyewe haketi mezani; mtetezi wake humsemea. Mume naye haambiwi kwamba jina lake limetajwa, na simu ya mtetezi hulia kwa mwanamke saa ile tu aliyoichagua mwenyewe kuwa ni ya salama.