Faharasa ya Tiba na Suala la Visawe

Mwaka 1879, huko Washington, John Shaw Billings, daktari wa jeshi aliyeisimamia maktaba ya Mganga Mkuu wa Jeshi la Marekani, alianza kutoa Index Medicus, faharasa ya kila mwezi ya maandishi ya tiba. Ugumu haukuwa katika kukusanya makala tu, bali katika kuamua kila moja iwekwe chini ya jina gani. Ugonjwa mmoja aghalabu ulikuwa na majina kadhaa, na mtafutaji aliyeshika jina moja aliyakosa yaliyowekwa chini ya mengine, wala asijue kwamba ameyakosa.

Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo, ikiongozwa na Frank Rogers, ilitoa orodha ya istilahi sanifu ijulikanayo kwa kifupi kama MeSH. Kila dhana ilipewa istilahi moja ya kufuatwa. Visawe havikufutwa, viliachwa kuwa vibao vya kumwelekeza msomaji. Istilahi zenyewe hupangwa kwa matawi, za jumla juu na za mahsusi chini, hata atafutaye habari za saratani hupata na za saratani ya damu pasipo kuitaja. Mwaka 1964 kazi ya kutafuta ilianza kufanywa kwa kompyuta.

Jambo hili si geni katika masjala zetu. Jalada moja huandikwa “kansa”, jingine “saratani”. Moja “TB”, jingine “kifua kikuu”. Karani mzoefu huyajua yote mawili, lakini akistaafu ujuzi huo huondoka naye, na kompyuta isiyoelekezwa huyaona kuwa mambo mbalimbali. Nasi wasanifu tuna mazoea ya kuchagua neno moja na kuyazika mengine. Katika kamusi huenda si neno. Katika masjala ni hasara, maana barua za zamani hazibadiliki kwa sababu sisi tumebadili istilahi. Kila istilahi mpya ingefaa itolewe pamoja na orodha ya majina iliyoyarithi, yakiwamo yale tusiyoyapenda.

Index Medicus ya kuchapwa ilikoma mwaka 2004. Tangu mwaka 2022 makala za tiba katika maktaba hiyo hupewa istilahi zake kwa mashine, na watu hukagua baadhi tu. Orodha yenyewe ingali ikirekebishwa na wataalamu kila mwaka.