Frank Gehry na Ngazi Iliyomkatalia

Mwaka 1989 Frank Gehry, msanifu majengo wa Marekani mzaliwa wa Kanada, alikamilisha Vitra Design Museum huko Weil am Rhein, Ujerumani. Jengo lilisifiwa. Lakini nyuma yake kuna ngazi ya kuzunguka ambayo yeye haikumridhisha: mviringo aliouona kichwani ulijengwa ukiwa na mvunjiko. Ofisi yake ilikuwa imechora kwa mkono, na michoro ile haikuweza kumweleza fundi kila kitu.

Basi kompyuta ikaingia. Kwa ajili ya samaki mkubwa wa chuma aliyesimamishwa Barcelona kwa Olimpiki ya 1992, ofisi ilichukua CATIA, programu ya kampuni ya Kifaransa Dassault iliyobuniwa kwa kuunda ndege. Mwaka 1997 likafunguliwa jumba la Guggenheim kule Bilbao, Hispania, likiwa limevikwa mabamba ya titaniamu yaliyopinda kila upande.

Sasa usidhani mzee alihamia kwenye skrini. Wala! Gehry mwenyewe hakujifunza kuitumia. Aliendelea kukwaruza kwa kalamu na kuunda modeli za karatasi na mbao. Wasaidizi wake ndio waliozipima nukta kwa nukta na kuziingiza kwenye kompyuta.

Tumezoea kusimulia kwamba mashine iliunyang'anya mkono kazi. Hapa mashine iliutetea. Zamani mkandarasi angetazama mchoro wenye mikunjo na kusema haujengeki, na ubishi ungeishia hapo. Safari hii mkunjo ulikuja na vipimo vyake.