Runinga na Ngumi: Mtoto Hujifunza Nini?

 

Huenda yamekupata haya: mtoto ametazama sinema ya karate kwa jirani, na kabla chai haijapoa amekwisha kumrushia mdogo wake teke. Unajiuliza, ni runinga au ni utundu wake tu? Swali hili ni la zamani, na leo tutalifuata lilikotoka.

Mwaka wa 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Albert Bandura na wenzake Dorothea Ross na Sheila Ross waliwachukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Walikuwa na mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo aitwaye Bobo. Ukimsukuma anaanguka, kisha anainuka mwenyewe. Baadhi ya watoto walimtazama mtu mzima akimkalia Bobo, akimpiga ngumi puani, akimgonga kichwani kwa nyundo ya mbao na kumrusha juu. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Kisha watoto wote wakapewa vitu vizuri vya kuchezea, na mara wakaambiwa waviache, makusudi wakasirike kidogo. (Wewe mama unajua hasira hiyo!) Halafu wakaingizwa kwenye chumba cha Bobo.

Wale waliokuwa wameona kipigo walikirudia vilevile, nyundo na maneno yake pia. Mwaka wa 1963 Bandura alirudia jaribio, lakini safari hii baadhi ya watoto walionyeshwa filamu. Hao nao waliiga. Tangu hapo, wengi hawakuweza tena kusema kwamba picha ni picha tu.

Lakini wapo waliopinga, nami naona walikuwa na haki. Bobo ametengenezwa apigwe. Kumpiga yeye si sawa na kumpiga mtoto wa jirani, na dakika ishirini za kucheza haziwezi kutueleza maisha ya mtu. Ndiyo maana utafiti wa Leonard Eron una uzito. Mwaka wa 1960 alianza kuchunguza watoto zaidi ya 800 wa darasa la tatu katika jimbo la New York, akawauliza wazazi vipindi wanavyovipenda. Miaka kumi baadaye aliwapata zaidi ya 400 kati yao. Wavulana waliopenda vipindi vya mapigano wakiwa na miaka minane ndio waliotajwa zaidi na wenzao kuwa wakali. Kwa wasichana uhusiano huo haukuonekana.

Upande wa pili, kuna kisiwa kidogo cha St Helena katika bahari ya Atlantiki. Runinga iliingia huko mwaka wa 1995, na watafiti walikuwa wamekwisha kuwatazama watoto wakicheza kabla haijafika. Baada ya miaka kadhaa, ugomvi uwanjani haukuwa umeongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Watu wa huko wanajuana, na mtoto akikosea kuna macho mengi ya kumwona.

Kwa hiyo mama, runinga huchangia, lakini si peke yake. Mtoto anayepigwa nyumbani, au anayewaona wakubwa wakipigana, ana mwalimu mwingine karibu zaidi.

Nimeacha jaribio moja la mwisho. Mwaka wa 1965 Bandura aliwaonyesha watoto filamu ambayo mpigaji anaadhibiwa. Walimwiga kidogo tu. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, walikitoa chote, sawa na wenzao walioona mpigaji akisifiwa. Walikuwa wamejifunza, wakanyamaza tu.

Basi jioni ya leo kaa naye dakika chache mbele ya runinga, umuulize: yule aliyepigwa, unadhani anasikiaje? Juma lijalo tutazungumza juu ya usingizi wa watoto. Kwaheri mama.