Kuku na Njia ya Misafara

Historia ya Tabora imezoea kusimuliwa kwa pembe za ndovu na majina ya wakubwa: Burton na Speke waliofika Kaze mwaka 1857, Mirambo aliyefariki mwaka 1884, Isike aliyepambana na Wajerumani hadi mwaka 1893. Kuku hatajwi. Hali misafara ilikula, na wapagazi wa Kinyamwezi walioshusha pembe hadi Bagamoyo hawakuishi kwa pembe.

Kuku naye ana kumbukumbu zake, ila kaziandika mwilini. Mtazame kuchi: mrefu, manyoya haba kifuani, kichwa kidogo, upanga mdogo, mdomo mfupi wenye ukali. Huonekana visiwani na pwani, kisha huonekana tena Tabora, Shinyanga na Mwanza. Watafiti wa vinasaba wamekuta undugu kati yake na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Nikiitazama ramani hiyo naiona njia ya misafara. Hii ni rai yangu, wala siitoi kama ushahidi. Singamagazi ndiye mwenyeji wetu, kuku mkubwa wa Tabora, jogoo rangi ya moto na mtetea rangi ya nyuki.

Sasa, mtetea niliyemwokota kando ya njia iendayo Kwihara, kule ambako Livingstone alikaa katika tembe mwaka 1872, alikuwa nani? Alifungwa miguu kwa kamba ya katani. Niliuliza nyumba zote za jirani, hakudaiwa. Miguu na kichwa vilisema kuchi, rangi ilisema singamagazi, na shingo isiyo na unyoya ilisema kishingo. Bibi jirani yangu, Mnyamwezi mwenye asili ya Manyema kwa mama, alimgeuzageuza akacheka: “Mwalimu, unahangaika bure. Huyu ni Mtabora.”

Kumtia kundini ilikuwa kazi nyingine. Mdondo ukiingia bandani humaliza kundi kwa siku chache, na kuku mgeni aweza kuubeba kabla hajaonyesha dalili. Nilikuwa na kuku 14, na mayai yao ndiyo yanayonunua sukari ya nyumba. Nilimweka siku 21 katika tenga upande wa pili wa ua, nikampa chanjo, tone moja jichoni, na kila siku nilimhudumia baada ya wenyeji, kisha nikanawa mikono. Ndipo nikalisogeza tenga karibu na banda, wakaonana wiki nzima bila kugusana. Usiku mmoja nikamweka kwenye kichanja kati yao, maana kuku gizani hana ugomvi.

Kulipokucha walimdonoa. Mtetea mweusi, mkubwa wa banda, alimfukuza kila alipokaribia pumba, hata nikaweka chombo cha pili mbali kidogo. Kwa siku nne alikula mwisho. Siku ya tano alisimama palepale, akainua ile shingo yake tupu, na mweusi akampisha.